Shangazi Alikunywa Chai Tu

Leo nina kisa cha kikombe kimoja cha chai. Kikombe hicho kilitugharimu siku nzima, nauli ya teksi kwenda na kurudi, na usiku mmoja zaidi wa kulipia chumba katika nchi ya watu.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mtu wa Tanga. Alikuwa ametibiwa kansa ya tezi, ile ambayo madaktari huiita limfoma. Alitundikiwa dripu za dawa miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka, zikaanza kuota tena. Uvimbe wa shingoni ulinywea lakini haukuisha. Kilibaki kifundo mfano wa harage, na picha za siti-skani zilionyesha kingine ndani ya kifua. Daktari alikuwa na swali moja: hiki kilichobaki ni ugonjwa ulio hai, au ni kovu? Siti-skani haikuweza kumjibu, maana kovu na uvimbe ulio hai vinaweza kufanana kwenye picha kama mapacha. Akaandika kipimo kinachoitwa PET-CT, utamke pet-siti, na kwa kuwa wakati huo matibabu yake yalikuwa yamepangwa India, tukafunga safari.

Kipimo hicho ni mashine mbili zilizounganishwa kwenye kitanda kimoja. Fikiria umesimama kilimani alfajiri, giza halijatoka vizuri, unautazama mtaa wenu. Siti-skani inakuonyesha nyumba: kuta, mapaa, vichochoro, kila kitu kwa kipimo cha milimita. Haikwambii nani kaamka. PET yenyewe inaona moto tu, jiko lipi limewashwa. Ukiwa na moto bila kuta, utaona wekundu gizani usijue ni kwa nani. Zipandanishe hizo picha mbili na sasa unaweza kunyoosha kidole: nyumba ya tatu, chumba cha uani, pale kunapikwa.

Zamani mgonjwa alipigwa picha moja leo na nyingine siku nyingine, halafu daktari akajaribu kuzilinganisha kwa macho. Na mtu si jiwe. Kesho yake amelala mkao mwingine, tumbo limejaa au limepungua. Siti-skani ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, lakini ilibidi kungoja hadi mwaka 1998, mjini Pittsburgh, Marekani, ndipo mashine ya majaribio ya David Townsend, Ron Nutt na wenzao ilipoanza kuwapima wagonjwa kwa njia zote mbili bila kuwashusha kitandani.

Moto unaotafutwa ni sukari. Mjerumani Otto Warburg aligundua miaka ya 1920 kwamba chembe za uvimbe wa saratani zinabugia sukari kuliko kawaida. Miaka mingi baadaye wataalamu wakatengeneza sukari ya bandia inayoitwa FDG, iliyobandikwa chembe ya florini yenye mionzi, na mwaka 1976, Philadelphia, ikachomwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Hiyo FDG ni kama kuni mbichi. Jiko lenye njaa linaipokea kama kuni nyingine, lakini haiungui ikaisha, wala haitoki. Inabaki mle ndani ikitoa miali, na mashine iliyomzunguka mgonjwa inaipokea miali hiyo ikitoka mbili mbili, kila mmoja ukielekea upande wake, ikahesabu imetokea wapi.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu neno hili la sukari limewaumiza wagonjwa wengi majumbani. Watu wakisikia kwamba kansa inakula sukari, wanamkataza mgonjwa ndizi, wali, ugali, hata embe, wakidhani wanaiua kansa kwa njaa. Anayekonda ni mgonjwa. Ubongo wake unaishi kwa sukari hiyo hiyo, na mwili ukikosa chakula unaitengeneza wenyewe. Mtu anayetundikiwa dawa kali anahitaji nguvu. Mpeni chakula kizuri alichoshauriwa na wanaomtibu. Kufunga ninakokusudia leo ni kwa kipimo tu, kwa saa zinazohesabika.

Nirudi India. Siku moja kabla, tulipewa karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na mtafsiri nilikuwa mimi. Ilisema mgonjwa asile kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, na maji matupu anaruhusiwa. Nikaikunja, nikamgeukia shangazi: "Shangazi, kesho usile kitu mpaka tutoke hospitali." Akaitikia, "Haya mwanangu." Nikaamini nimetafsiri.

Alfajiri aliamka kuswali. Akabandika kisufuria kwenye jiko la umeme la nyumba ya wageni, akachemsha chai kwa tangawizi aliyokuja nayo kutoka kwake, akatia sukari vijiko vitatu kama ilivyo desturi yake, akanywa kikombe kizima. Mkate ulikuwa mezani, hakuugusa. Aliniambia baadaye kwamba njaa ilimuuma na alijivunia kuishinda.

Hospitalini nesi alimtoboa kidole akapima sukari. Ilisoma 168. Wao wanataka iwe chini ya 200, kwa hiyo kwa tarakimu alikuwa amepita. Nesi akaniuliza kama mama amekula. Nikamuuliza shangazi. "Sijala, wallahi." Nikatafsiri. Lakini nesi yule hakuridhika, labda kwa kuwa shangazi hana ugonjwa wa kisukari na 168 ni nyingi kwa mtu mwenye njaa. Akainama, akamtazama shangazi usoni, akasema neno moja lililo la kwao na la kwetu: "Chai?"

Shangazi hakuhitaji mtafsiri. "Chai tu," akajibu.

Kipimo kikaahirishwa pale pale.

Nilikasirika siku ile, na kwa bahati mbaya nilimkasirikia shangazi. Nililala nikiwaza nikaona kosa lilipo. Mimi nilisema *usile*. Kwa Kiswahili chetu chai hailiwi, hunywewa. Naye alitii neno kama nilivyolitamka. Tena chai yetu ina mambo yake: ukimuuliza mtu asubuhi kama amekunywa chai, unamuuliza habari za mihogo, maandazi na chapati pamoja na hiyo chai. Lakini ukimwambia asile, kikombe kinabaki halali. Uji nao hunywewa. Togwa hunywewa. Soda, maziwa, juisi ya miwa, vyote vinapita mlango ule ule nilioacha wazi.

Ukifika mwilini, utaona kwa nini kikombe kile kilikuwa na uzito. Sukari ya chai ikiingia, kongosho linamwaga insulini. Insulini kazi yake ni kuifungulia misuli milango ichukue sukari. Sasa ukimchoma mtu FDG wakati huo, misuli inainyakua: mapaja, mabega, mgongo, moyo, vyote vinawaka, na kile kifundo cha ukubwa wa harage unachokitafuta kinabaki na makombo. Picha inatoka, lakini haisomeki vizuri. Na picha mbaya ya namna hii ni hatari kuliko kukosa picha, kwa sababu inaweza kukwambia pako salama na hapako.

Kwa nini wasimngoje tu hadi mchana? Kwa sababu dawa haingoji. Florini hiyo inapoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110. Inatengenezwa siku hiyo hiyo katika mtambo unaoitwa saiklotroni, mara nyingi usiku wa manane, na kila dozi inapimwa kwa kuhesabu saa ambayo mgonjwa fulani atachomwa. Huwezi kuiweka kwenye friji ukaitoa kesho. Ndiyo maana hospitali nyingi zenye mashine hii hujenga saiklotroni humo humo ndani au kuitafuta ya jirani. Jijini Nairobi, kwa mfano, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mashine hizi pamoja na saiklotroni zake, jambo ambalo limewapunguzia watu wa ukanda wetu safari za mbali. Msikilizaji, ukipangiwa saa mbili asubuhi, foleni ya barabarani nayo ni sehemu ya kipimo. Ukichelewa kwa muda wa saa mbili, zaidi ya nusu ya dozi yako imeshapotea.

Kuna neno jingine linaloponza: kufunga. Nimewasikia wauguzi wa kwetu, kwa nia njema kabisa, wakimwambia mgonjwa "uje umefunga." Mtu wa pwani akisikia kufunga anasikia saumu. Hatagusa maji. Tena anaweza kuamka kula daku saa kumi alfajiri, ashibe vizuri kwa wali na maharage, aje saa mbili akiwa na saumu safi na tumbo limejaa wanga. Pande zote mbili ameharibu. Kipimo hiki kinataka maji. Maji matupu, mengi, yasiyo na chochote ndani, ili mishipa ya mkono ionekane na sukari ile ya mionzi ambayo haikutumika itolewe kwa mkojo.

Na hilo la muda wa saa sita nalo lina utata wake. Mwambie mtu "usile saa sita kabla ya kipimo", mwingine atasikia saa sita ya usiku, mwingine ya mchana. Mhesabie. Kipimo ni saa mbili asubuhi, basi mwisho wa kula ni saa nane usiku, na kwa kuwa hakuna anayekula saa nane usiku, ale chakula cha jioni alale.

Wenye kisukari nawaomba wasichukue maneno yangu wakayatumia peke yake. Insulini ya kuchoma karibu na muda wa kipimo inaleta shida ile ile ya misuli niliyoieleza, na vidonge vya metformini hufanya utumbo uwake, kiasi kwamba vituo vingi huagiza visimamishwe kwa muda wa saa 48. Lakini anayesimamisha ni daktari. Piga simu hospitali siku kadhaa kabla, useme wazi dawa unazotumia na saa unazozitumia. Mjamzito naye aseme kabla ya kuchomwa sindano, na anayenyonyesha vilevile.

Siku ile tuliyoikosa haikupotea yote, kwa maana nesi yule alitukalisha akatueleza mambo ambayo karatasi iliyataja kwa mstari mmoja. Alituambia shangazi asifanye kazi ya nguvu siku hiyo. Misuli iliyofanya kazi inaendelea kula sukari hata ukiwa umekaa. Nikamfasiria, safari hii kwa majina: usifue, usibebe ndoo, usipande ngazi na mizigo. Jioni apunguze wanga, ale samaki, mayai na mboga. Na asipate baridi. Hili la baridi lilinishangaza. Tuna mafuta ya rangi ya kahawia, hasa shingoni na juu ya mabega, ambayo kazi yake ni kuunguza mafuta na sukari ili mwili upate joto. Ukiingia kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukiwa na kitenge chepesi, yanawaka. Yanawaka hapo hapo shingoni ambapo sisi tulikuwa tunatafuta tezi.

Kesho yake shangazi alikwenda na sweta, soksi na shuka la kujitanda. Sukari ilisoma 94. Nesi akacheka, akamshika bega.

Kabla ya kuingia alivua pete, herini na bangili, akanikabidhi pamoja na tasbihi. Tasbihi aliitoa mwisho, kwa kusitasita. Tulikuwa tumeambiwa kwamba baada ya sindano atakaa chumbani peke yake kwa muda wa saa nzima, mwanga hafifu, bila simu, bila kutafuna hata pipi, bila kuzungumza. Anayezungumza anatumia misuli ya koo na nyuzi za sauti, navyo vitawaka kwenye picha. Anayehesabu tasbihi anatikisa vidole na midomo. "Nitaomba vipi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Moyoni, shangazi." Akafikiri kidogo, akaingia.

Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe. Sindano ilikuja ndani ya ganda la metali nzito, imebebwa kwenye kisanduku kama kitu cha thamani. Ilipochomwa kupitia kanula hakusikia moto wala maumivu, ubaridi tu uliopanda mkononi, kisha maji ya chumvi ya kusukumia. Nesi akamfunika blanketi, akatoka, maana wao wanahudumia wagonjwa wengi kwa siku na lazima wajilinde na mionzi. Hilo la kuachwa peke yake ndilo lililomuumiza. Alihisi ametengwa. Alipoona kamera ndogo pembeni mwa dari, na kukumbuka kwamba alielezwa wanamtazama muda wote, moyo ukatulia. Nawasihi wanaofanya kazi hii: semeni kwamba mnatoka kwa sababu ya mionzi, na kwamba mnamwona. Maneno mawili hayo hayana gharama.

Saa ilipotimia aliambiwa aende haja ndogo, kibofu kiwe kitupu, kwa sababu mkojo wenyewe unang'aa na unaweza kuficha kilicho jirani yake. Halafu akalala chali, mikono juu ya kichwa, kitanda kikaingia kwenye tundu lililo kama tairi kubwa lililosimama. Siti-skani ilipita haraka, haikufika dakika. PET ilichukua dakika kama ishirini, kitanda kikisogea kidogo, kikisimama, kikisogea tena. Mashine hii haipigi kelele zile za kugonga za mashine ya sumaku, ni mvumo tu. Kazi ya mgonjwa ni kutulia na kupumua kawaida. Mabega yalimuuma kwa ile mikono ya juu, lakini hakuyasogeza.

Alipotoka tuliambiwa anywe maji mengi, avute maji ya choo mara mbili kila akienda, na kwa saa kadhaa asikae karibu na wajawazito wala kupakata watoto wadogo. Nyumba ya wageni ilikuwa na mtoto wa familia moja ya Oman aliyempenda shangazi sana, ikabidi tumweleze mama yake. Sisemi mionzi hii ni bure. Kipimo kizima kinampa mtu mara kadhaa ya mionzi ya asili ambayo kila mmoja wetu huipata kwa mwaka kutoka ardhini na angani, ndiyo maana hakifanywi kwa kutaka kujua tu. Lakini florini inaondoka upesi. Ukihesabu dakika 110 kwa 110, kesho yake saa kama hiyo haijabaki hata sehemu moja kati ya elfu nane.

Majibu yalitoka siku ya pili. Daktari alitufungulia picha kwenye kompyuta. Ubongo uliwaka kama taa, figo na kibofu vikawaka, na akatuambia hivyo ni kawaida ya kila mtu. Shingoni palikuwa kimya. Kile kifundo cha harage kilikuwa kovu. Lakini kifuani paliwaka, na moyo wangu ukashuka tumboni. Daktari akainua kiganja. Si kila kinachowaka ni kansa, akasema. Chembe za mwili zinazopambana na maambukizi nazo zina njaa ya sukari, na kwa watu wanaotoka kwenu nalazimika kufikiria kifua kikuu. Kikakatwa kinyama kidogo, kikapimwa. Kilikuwa kifua kikuu. Shangazi akameza vidonge miezi sita, nyumbani Tanga, akapona.

Mwaka jana jirani yake aliandikiwa kipimo hicho hicho, akapangiwa saa mbili, akaja kuuliza. Nilikuwapo, nikachukua kalamu nimwandikie maelekezo, nikaanza: *Usile chochote.*

Shangazi akaweka mkono juu ya karatasi. "Futa," akasema. "Andika hivi. Ukishakula cha jioni, basi. Hata chai. Hata ya rangi. Hata uji, hata togwa, hata pipi ya kikohozi. Usitafune kitu, usilambe kitu. Maji unywe, usifunge kama Ramadhani. Vaa sweta."

Nikaandika. Akaisoma, akanirudishia.

"Na hiyo saa mbili, andika ya asubuhi. Andika jua likiwa ndiyo kwanza limetoka."

Nikaandika.